Kinyozi Aliyeegemea Wateja

Kinyozi wa mtaa ule alikuwa na mkono mwepesi, na mdomo mwepesi zaidi. Uliketi kitini kwake ukanyolewa huku mbavu zikikuuma kwa kicheko. Watu walimwita Fundi.

Ila Fundi alikuwa na kasoro moja: aliegemea wateja. Akisimama kidogo tu, maumivu yalianza kiunoni, yakashuka mapajani, miguu ikawaka moto na kufa ganzi. Basi aliinama, akaweka kiwiko begani kwa mteja. Hapo alipata nafuu.

"Fundi, nimekuja kunyolewa, sikuja kubeba mzigo," alilalamika mteja mmoja mnene. Watu wakacheka, lakini mteja yule hakurudi.

Mkewe, aliyeuza mafuta ya nywele mlemle dukani, aliona mume wake anaharibiwa na kuinama. Akamfunga mkanda mpana kiunoni. Kila Fundi alipoinama, mkewe alimgonga mgongoni kwa kitana.

"Baba watoto, nyooka!"

"Mke wangu, samaki hukunjwa angali mbichi. Mimi nimeshakauka!"

Alinyooka hivyo hivyo, na maumivu yakazidi. Utani ulikuwa wa mdomoni tu. Moyoni aliogopa sana, kwa sababu aliipenda kazi yake, na sasa aliona atalazimika kulifunga duka.

Siku moja jirani yao alikuja kupunguza nywele. Mama huyu alifanya kazi hospitali, akiwafundisha wagonjwa mazoezi ya viungo. Fundi akamwegemea. Mkewe akainua kitana.

"Ngoja, shoga, usimpige!" jirani alisema. "Fundi, ukikaa unaumwa?"

"Hata kidogo."

"Ukisukuma toroli, umeinama?"

"Hapo natembea kama kijana!"

"Na ukisimama wima?"

"Moto mtupu."

Jirani akatikisa kichwa. "Ndani ya uti wa mgongo mna njia ya mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni. Umri ukisonga, njia hiyo huweza kuwa nyembamba. Ukisimama wima, inabana zaidi. Ukiinama, inapanuka kidogo. Huenda ndiyo shida yako. Nenda ukapimwe. Na miguu ikilegea ghafla, au ukishindwa kuzuia mkojo, usingoje kesho. Kimbilia hospitali."

"Kumbe mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa namtesa!" mkewe alisema, machozi yakimlengalenga. Akaufungua ule mkanda palepale.

Hospitalini picha ilionyesha kweli njia imebana. Daktari alianza na dawa na mazoezi. "Wengi hupata nafuu kwa hayo tu," alisema. Fundi alifanya mazoezi kwa miezi kadhaa, jirani akimsimamia. Alipata nafuu kidogo, lakini kusimama bado kulimshinda.

Ndipo daktari akamwonyesha kifaa kidogo, kinachoenea kiganjani. "Tunakiweka kwa upasuaji mdogo, kati ya mifupa miwili ya nyuma ya uti wa mgongo. Ukisimama, mifupa haikaribiani sana, na mishipa haibanwi."

"Yaani kama kabari ya mlango?"

"Hasa!"

"Na kikichomoka?"

Daktari hakumficha. "Kinaweza kusogea. Kidonda kinaweza kupata maambukizi. Kwa wengine maumivu hurudi. Tena hakimfai kila mtu, kwa mfano mwenye mifupa dhaifu sana. Wewe tumekupima, kinakufaa. Kashaurianeni nyumbani."

Walishauriana, wakakubali.

Baada ya upasuaji Fundi alitembea polepole. Alikatazwa kubeba vitu vizito na kujipinda, naye akatii. Kwanza alitembea hadi mlangoni, kisha hadi kona ya mtaa. Daktari aliporidhika, akamruhusu kurudi kazini.

Habari zikaenea. Yule mteja mnene akarudi, akaketi, akakaza bega lake tayari. Fundi akamnyoa kichwa kizima, amesimama wima, akisimulia vituko mwanzo hadi mwisho.

"Fundi, mbona leo huniegemei? Na mimi nimejiandaa!"

Duka zima likaangua kicheko. Fundi mwenyewe alicheka mpaka akafuta machozi kwa taulo la mteja.

Jioni, walipokuwa wakifagia nywele, Fundi aliweka kiwiko begani kwa mkewe. Mkewe akashtuka, ufagio ukamponyoka.

"Mgongo tena?"

"Mgongo mzima, mke wangu. Leo nakuegemea kwa kupenda tu."

Mkewe akatazama kitana mezani, akakiacha palepale. "Basi egemea vizuri," alisema.