Aliyehesabu Hadi Mia

Wazazi wenzangu, haya sikusimuliwa. Niliyaona, maana mimi ndiye niliyekuwa nikipiga pasi katika duka la yule fundi cherehani.

Alikaa nyuma ya duka, katika nyumba yenye amani. Kila asubuhi mama yake mzazi aliketi mkekani na mjukuu wake wa kike wa miaka minne, kopo la vifungo katikati yao. Macho ya bibi yalikuwa yamefifia. Alivipapasa kwa vidole.

"Nipe vitatu, mke mwenzangu."

Mtoto huweka kimoja, kimoja, kimoja kiganjani mwa bibi. Akikosea, wanacheka na kuanza upya.

Fundi hakupendezwa. "Mama, unampotezea mtoto wakati. Watoto wa wenzetu wanahesabu mpaka mia!" Akalichukua kopo, akaliweka juu ya kabati.

"Mwanangu, mtoto hujifunza kwa mikono."

"Mikono ni ya kushonea, mama. Hesabu ni ya kichwa."

Akaanza kumkaririsha. Haukupita mwezi, mtoto alitiririka moja hadi mia bila kuvuta pumzi. Wateja walipiga makofi. Baba akambandika jina, Profesa. Nami nilipiga makofi, Mungu anisamehe.

Kisha bibi akashikwa na homa. Siku hiyo duka lilijaa sare za shule, na fundi hakutaka kuinua mguu kwenye cherehani. Akapaza sauti, "Profesa! Mpe bibi vidonge vinne na maji."

"Haya, baba!"

Tulimsikia: "Moja, mbili, tatu, nne!" Tukatabasamu. Hatukujua kwamba kila neno lilidondosha vidonge viwili, mara vitatu. Bibi, homa imemlegeza, akavimeza vyote kwa kumwamini mjukuu wake.

Jioni tulimkuta akitapika, chupa ya dawa karibu tupu.

Hospitalini alimshika mwanawe mkono. "Usimpige. Amehesabu kama ulivyomfundisha."

Siku ya tatu akafariki dunia.

Fundi hakumpiga. Wiki kadhaa baada ya mazishi nilimwona ameketi sakafuni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamnyooshea bintiye kiganja. "Njoo tuhesabu vidole, mwanangu. Polepole tu."

Mtoto akaficha mikono mgongoni.

"Sitaki, baba. Nikihesabu, mtu anakufa."

Fundi akaingia jikoni, akafunga mlango. Kilio chake kilifika mpaka dukani.

FUNZO

Ndugu zangu, kutamka namba si kuijua. Mtoto mdogo huijua namba anapoishika: vijiko anavyopanga mezani, viatu anavyovioanisha mlangoni, vijiwe anavyovihamisha kimoja kimoja. Keti naye, cheza naye, mwache akosee mkicheka. Tunasema samaki mkunje angali mbichi. Kweli, lakini mkunje taratibu, asivunjike. Na dawa si kazi ya mtoto kamwe. Kosa lile halikuwa lake hata chembe. Lilikuwa letu sisi wakubwa, tuliopenda makofi kuliko mtoto.