Emmah na Aya Moja

Kila asubuhi Emmah huwasha moto, hupika uji na kumtayarisha mtoto wake Terry aende nasari. Saa hiyo mumewe, Obare, huwa ameshaondoka. Obare alikuwa dereva wa trekta la kubeba miwa huku Awendo. Uji ukianza kuchemka, Emmah hufungua kitabu na kusoma huku akikoroga. Mara nyingine uji huungua. Hapo ndipo mama mkwe hupata la kusema.

Mwaka huo wa 1996, Emmah alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa Kidato cha Nne. Aliacha shule alipoolewa. Sasa alitaka cheti ili aende chuo cha ualimu. Mwaka uliotangulia alijaribu akaanguka, na kilichomwangusha ni Kiswahili.

Mama mkwe, aliyeitwa Min Obare, yaani mama yake Obare, alikuwa amechoka kungoja. Binti yake Liz aliuza omena, dagaa wa ziwani, katika kisiwa cha Remba na alitaka msaidizi. Min Obare alimwita Emmah "Nyar Ndhiwa", binti wa Ndhiwa, kwa maana wake huitwa kwa jina la kwao.

"Nyar Ndhiwa, hii vitabu imekula miaka mbili," alisema. "Mwezi ujao utaenda Remba kwa Liz."

Mwezi huo ujao ndio uliokuwa na mtihani wa majaribio. Emmah alimtazama mumewe. Obare aliangalia viatu vyake. Alimpenda mkewe, lakini mbele ya mama yake alikuwa mpole kama kondoo. Emmah aliumia moyoni, lakini hakufunga kitabu.

Jirani yao alikuwa Mwalimu Bathsheba, mtu wa Kisii, aliyefundisha Kiswahili katika shule ya sekondari. Muda wote huo Emmah aliona haya kumwendea. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na haya haijampa mtu cheti. Jumapili moja alijikaza, akapeleka jibu aliloandika.

Jibu hilo lilihusu riwaya inayomsimulia kijana Zablon. Zablon anamwona baba yake mdogo akifungua zizi usiku. Ng'ombe wanaharibu mahindi ya jirani. Mchunga ng'ombe analaumiwa na kufukuzwa, naye Zablon ananyamaza. Mwishoni anasimama barazani, mbele ya watu wote, na kusema ukweli. Swali lilisema: "Onyesha jinsi Zablon anavyokua, ukitumia mifano ya lugha ya mwandishi."

Mwalimu alisoma, kisha akauliza kwa nini Emmah ameandika kwamba Zablon hakukua.

"Kwa sababu kitabu inaisha na hajajenga simba," Emmah alijibu.

Alieleza kwamba kwao Wajaluo, kijana akikomaa hujenga nyumba yake ndogo karibu na lango la boma. Nyumba hiyo ndiyo simba. Watu wakiiona, wanajua huyu si mtoto tena. Zablon alikuwa bado analala kwa mama yake.

Mwalimu hakucheka. "Hujawahi kuona mtu aliyejenga simba, na bado hajakua?" aliuliza.

Emmah alimkumbuka mtu fulani. Hakumtaja.

"Mwandishi huyu haangalii nyumba, anaangalia moyo," Mwalimu alisema. "Tafuta jambo ambalo Zablon hakuliweza mwanzoni, na mwishoni ameliweza."

Emmah alifikiri. "Kusema," alijibu.

Kisha wakaja kwenye lugha. Emmah alikuwa ameandika tu: kuna tashbihi, kuna sitiari, kuna methali. Halafu akamwaga methali zote alizokariri, hata zisizohusika. Wanafunzi wengi hufanya hivyo, wakidhani jibu ni gunia la kujazwa. Mwalimu alimwonyesha mahali palipoandikwa kwamba ulimi wa Zablon ulirudi ndani kama konokono aliyeguswa. Alimweleza kwamba hiyo ni tashbihi, kwa sababu inalinganisha vitu viwili kwa neno "kama". Kuitaja hakutoshi. Lazima useme inaonyesha nini.

"Konokono anarudi ndani kwa nini?" aliuliza.

"Anaogopa kuumizwa."

"Basi andika hivyo."

Barazani, mwandishi anasema ulimi wa Zablon ulikuwa shoka. Hapo hakuna "kama". Hiyo ni sitiari. Emmah mwenyewe alisema shoka hilo lilikata uongo wa baba mdogo.

Mwisho walizungumza juu ya aya. Mwalimu alisema kila aya ibebe wazo moja. Sentensi ya kwanza ilitaje, zinazofuata zilete mfano kutoka kitabuni na kuueleza. Wazo jipya, aya mpya. Emmah alisema ni sawa na mafungu sokoni, nyanya mbali na vitunguu mbali.

Aliandika aya. Mwalimu akaikata. Akaandika tena, ikakatwa tena. Hakulia wala hakuchoka. Jumamosi Mwalimu alikuwa kanisani kwa Wasabato, kwa hiyo siku hiyo Emmah aliikata aya yake mwenyewe.

Jioni moja Min Obare aliingia jikoni na kusema kwamba Liz anamtaka Emmah wiki hiyo hiyo. Obare alikuwa mlangoni.

"Mama, naomba nikusomee kitu kidogo," Emmah alisema. Akasoma:

"Mwanzoni, Zablon ni mwoga. Anajua nani alifungua zizi, lakini mchunga ng'ombe anapolaumiwa, ananyamaza. Mwandishi anasema ulimi wake ulirudi ndani kama konokono aliyeguswa. Konokono hujificha ili asiumizwe. Zablon naye anajificha, na mtu asiye na kosa anafukuzwa."

Min Obare, ambaye hakuwahi kusoma kitabu, alivuta kiti akaketi.

"Na huyo mchunga ng'ombe alienda wapi?"

"Iko kwa aya inayofuata, Mama."

Kabla hajaisoma, Obare alikohoa. "Mama, Emmah haendi Remba," alisema. Sauti ilitetemeka, lakini ilitoka. "Atafanya mtihani."

Min Obare hakugeuka. "Wewe nyamaza kwanza," alisema. "Nyar Ndhiwa, soma hiyo ingine."

Emmah alifaulu mtihani wa majaribio, na mwisho wa mwaka akaufaulu ule mkubwa. Chuo cha ualimu kikampa nafasi. Liz alipata msaidizi mwingine. Naye Min Obare kila siku ya soko huwasimulia wenzake jinsi yule mchunga ng'ombe alivyoonewa, na hukasirika kana kwamba ni mtoto wa jirani.