Ukurasa Usio na Mwenyewe

Ndugu zangu mlio na watoto shuleni, na ninyi watoto wenyewe, hebu sogeeni. Haya yalitokea katika nyumba yenye amani, nyumba iliyojulikana mtaa mzima kwa mlio wa cherehani. Mama wa nyumba hiyo alikuwa fundi wa nguo. Alikaa dirishani kuanzia asubuhi, utepe wa kupimia shingoni na pini mdomoni, na mteja aliyekuja kulalamika kwamba gauni limembana aliambiwa kwa upole kuwa gauni halijapungua, ni mwenye gauni aliyeongezeka. Baba alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, leo yupo, kesho kutwa yuko njiani. Basi nyumba ilikuwa ya wawili, mama na bintiye wa pekee, aliyekuwa kidato cha nne. Mama alimwita Msomi tangu siku alipoweza kuandika herufi zake za kwanza.

Mama mwenyewe hakusoma zaidi ya shule ya msingi. Tangu usichana alikuwa na kisukari cha aina ile ambayo mwili hautengenezi insulini kabisa. Kila siku alijidunga sindano ya insulini kabla ya kula, upesi na bila maneno, kama mtu anayefunga vifungo vya shati. Chupa zake zilikaa mlangoni mwa friji, kando ya mayai. Hakuna aliyeziogopa.

Sasa, mwalimu wa biolojia akatoa kazi ya utafiti. Mada ilikuwa bayoteknolojia, yaani namna wanadamu wanavyotumia viumbe hai kutengeneza vitu vya manufaa. Kila mwanafunzi achague kitu kimoja kinachotumika nyumbani kwao, akiandikie, ataje vyanzo vitano, na kwa kila chanzo aeleze ni nani aliyeandika, lini, na kwa nini anaaminika. Hilo la mwisho mwalimu alilirudia mara mbili. Msomi alilinukuu pembeni mwa daftari, kisha akalisahau.

Alichagua insulini, na Alhamisi akaenda maktaba. Mkutubi, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimletea vitabu viwili na makala moja ya watafiti. Msomi alisoma nusu ukurasa. Kila sentensi ilikuwa fundo. Mkutubi alimwambia asikate tamaa, arudi Jumamosi wasome pamoja, kwa kuwa makala ya namna ile hailiwi kwa pupa. Msomi akashukuru, akatoka, na kabla hajafika kwenye geti alikuwa ameshatoa simu mfukoni.

Alichokitafuta alikipata upesi, na hapo ndipo mtego ulipokuwa. Ukurasa wa mtandaoni ulikuwa na picha ya mtu aliyevaa koti jeupe, maandishi makubwa mekundu, na maelfu ya watu waliousambaza. Ulisema insulini hutengenezwa ndani ya bakteria, jambo ambalo ni kweli kabisa. Kisha ukasema bakteria hao hubaki hai ndani ya chupa, huingia mwilini na sindano, huzaliana kwenye figo na kuzila taratibu. Chini kabisa palikuwa na namba ya simu ya kuagizia unga wa kuwaua. Jina la mwandishi halikuwepo. Tarehe haikuwepo. Msomi hakuviona vilivyokosekana. Nani huona kisichokuwepo? Aliona tu kwamba sentensi zilikuwa nyepesi na kwamba nywele zilikuwa zimemsimama. Alidhani hofu ile ndiyo uzito wa ukweli.

Aliandika kurasa sita kwa mwandiko wake mzuri, akachora chupa yenye vijidudu vyenye mikia, akanakili hata ile namba ya simu ya unga. Ili vyanzo vitimie vitano, akaongeza kurasa nyingine nne za mtandaoni zilizokuwa zimenakili ule wa kwanza neno kwa neno. Kisha akazipiga picha zile sita na kuzituma kwenye kundi la darasa, wenzake wakamsifu.

Ijumaa jioni alimsomea mama. Cherehani ilinyamaza.

"Hao vijidudu," mama aliuliza, "wako hai?"

"Ndivyo walivyoandika, mama."

"Na wewe umehakikisha?"

Msomi akasema amehakikisha, vyanzo vitano. Mama akaomba daftari, akaitazama ile picha muda mrefu, akalirudisha.

Jamani, mtu asiyesoma sana akimwamini mtoto wake anayesoma, ni kama kipofu aliyeshikwa mkono. Hatazami njia, anausikiliza ule mkono tu.

Jumamosi Msomi hakurudi maktaba. Alikuwa akipamba jalada. Aliona mama amebeba jagi la maji kutoka jikoni, kisha jagi la pili, kisha la tatu. Aliona akienda chooni mara nyingi. Mchana mtu wa pikipiki alileta kipakiti cha unga kisicho na lebo, mama akakificha kwenye kikapu cha vitambaa. Msomi aliuliza kama anaumwa. Mama akasema ni joto tu. Siku ile hapakuwa na joto.

Jumapili asubuhi cherehani haikulia. Msomi alimkuta mama sakafuni kando ya kitanda, ametapika, midomo imemkauka, anapumua kwa kina na kwa haraka kama mtu aliyepanda ngazi nyingi. Pumzi yake ilikuwa na harufu tamu, harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Ile harufu ndiyo iliyomtia Msomi baridi ya mifupa. Alikimbilia friji. Chupa aliyoifungua mama Jumatano ilikuwa na dawa ile ile iliyobaki Ijumaa, haijapungua hata tone tangu siku hiyo.

Alirudi chumbani. "Mama, hujajidunga?"

Mama alifumbua macho kwa shida. "Niliisikia kazi yako, mwanangu," alisema. "Sitaki waniingie tena."

 Msomi alitoka mbio peku hadi kwa jirani, fundi wa kuchomelea, aliyekuwa akiosha gari lake dogo la mizigo. Alipoulizwa kuna nini aliweza kusema "mama" tu. Fundi hakuuliza la pili. Walimlaza nyuma juu ya magunia, Msomi akakishika kichwa chake mapajani, na kila pumzi ya mama ilipochelewa, naye aliacha kupumua akiisubiri.

Hospitalini walimpokea kwa mbio. Muuguzi wa zamu, mwanaume mnene mwenye sauti ya chini, alimtoboa kidole, akasoma kipimo, akamwita daktari kwa jicho. Walimtundikia maji, wakamrudishia insulini. Kisha muuguzi akamgeukia Msomi na kumuuliza ni lini mgonjwa aliacha dawa. Msomi akasema Ijumaa. Akaulizwa ni nani aliyemshauri.

Fundi alikuwa amesimama pale pale. Wagonjwa wengine walikuwa wanasikia. Msomi aliyatazama matone ya dripu.

"Ni mimi," alisema.

Muuguzi hakumkaripia, na afadhali angemkaripia. Alimweleza taratibu kwamba bakteria hupewa maelekezo ya kutengeneza insulini ya binadamu. Wakishaitengeneza huvunjwa, na insulini husafishwa na kuchujwa mara nyingi, hivi kwamba hakuna kiumbe hai kinachobaki kwenye chupa. Alisema maelezo ya matumizi na maonyo yamo katika karatasi inayokuja na kila boksi, na kwa swali lolote kuna mfamasia. Kisha akaongeza kwamba mgonjwa huyu angekaa nyumbani siku moja zaidi, wasingekuwa wanazungumza juu ya kumtibu.

Kwenye benchi la korido ndipo Msomi alipokumbuka kundi la darasa.  Aliandika upesi kwamba kazi yake ni uongo, waifute, mama yake yuko hospitali kwa sababu yake. Majibu yakaanza kuingia. Mmoja alishamtumia shangazi yake. Msomi akauliza kama shangazi hutumia insulini. Jibu likaja neno moja: ndiyo.

Alipiga simu ya shangazi huyo mara nne, haikupokelewa. Mara ya tano shangazi mwenyewe akapokea, akasikiliza kilio chote, akasema ameuona ujumbe huo lakini yeye hasomi ujumbe unaozidi urefu wa vidole viwili. Msomi alicheka na kulia kwa pamoja. Lakini shangazi akaongeza kwamba alikuwa ameusambaza kwa wanachama wenzake wa chama cha akina mama, labda wao husoma. Akaahidi kuwaonya. Wangapi walionywa, na wao walishawatumia wangapi, Msomi hajui hadi leo.

Mama alilazwa siku tano. Baba alirudi, akakaa kando ya kitanda ameushika mkono wa mkewe. Mwalimu alimwongezea Msomi wiki mbili za kuiandika kazi upya. Akarudi kwa mkutubi, na safari hii akaketi. Walisoma ile makala aya kwa aya. Mkutubi alimtaka kila chanzo akihoji kama shahidi: wewe ni nani, umejuaje, umesema lini, nani mwingine asiyekutegemea anayesema hivyo, na unauza nini? Ule ukurasa mwekundu haukujibu swali hata moja, isipokuwa la mwisho.

Kazi mpya ilikuwa kurasa tatu tu. Msomi aliisoma mbele ya darasa pamoja na ile ya zamani, na akaeleza kilichotokea katikati.

Mama yuko hai, anashona, wateja wanaendelea kuongezeka na kulaumu nguo. Anajidunga kila siku. Lakini kabla ya kujidunga huinyanyua chupa kwenye mwanga wa dirisha na kuikagua, akitafuta kitu chenye mkia. Anajua hakipo. Ameelezwa na daktari, na mfamasia, na bintiye mwenyewe mara nyingi. Hata hivyo hutazama. Na Msomi, akiwa mezani na vitabu vyake, hungoja bila kupumua mpaka sindano iingie.

FUNZO

Ndugu zangu, uongo ulioingia kwa dakika moja unaweza usitoke maisha yote, hata ukweli ukija na ushahidi. Mwanafunzi, usiandike usilolipima. Chanzo kinachokutisha kabla ya kukuonyesha ushahidi kiogope chenyewe. Vyanzo vitano vilivyonakiliana ni chanzo kimoja. Mzazi, mwamini mwanao lakini muulize, na jambo la dawa mpelekee mwenye taaluma kabla hujaacha hata dozi moja. Na wewe uliyeshika simu sasa hivi, ukiwa na kidole juu ya kitufe cha kutuma, jiulize ni nani atakayeusoma ujumbe huo kwa kuwa tu umetoka kwako.