Mashine ya Kamikazi Iliyowaka Peke Yake

Ulikuwepo. Usiniambie hukuwepo. Asubuhi ile Kamikazi alipotolewa kwenye ukumbi wa ushirika kama mwizi wa kuku, ulikuwa kwenye foleni na karoti zako, ukainamia simu. Mimi sisahau nyuso. Basi sikiliza ulichokipa kisogo.

Yeye na Shema walikutana karibu na mpaka mdogo, ule wa waendao kwa miguu, saa akina mama wanaposukumana kwenda Goma. Pikipiki ilimrushia Kamikazi matope kwenye kitenge chake cha njano, na abiria akashuka kuomba radhi: Shema, shati jeupe, mkoba wa kompyuta kifuani, kijana aliyekulia Bukoba. Radhi yake ilikuwa ndefu mno.

"We unaongeaka sawa redio," Kamikazi alimwambia. "Bon, redio, nani atafula kitenge?"

"Nitakifua mimi, dada, ukinionyesha ukumbi wa ushirika uko wapi."

Kumbe ndipo Kamikazi alipofanya kazi, kwenye kompyuta za kusajili mizigo, na Shema ndiye fundi mpya wa Linux. Kitenge hakukifua. Lakini hazikupita siku nyingi wakawa wanakula vidagaa vya sambaza vya kukaanga kando ya ziwa, huku Shema akimweleza mashine zake. Kwamba mfumo mzima wa kompyuta huwekwa kama mti, mizizi hadi majani. Toleo jipya likija, hupandwa mti wa pili kando yake, wa zamani haukatwi. Mpya ukigoma, unawasha wa zamani, kazi inaendelea. Akamfundisha hata kuubana mti wa zamani, ili usafishaji wa diski usiufute.

"Na bibi ya zamani? Naye umemubana fasi fulani?"

Shema akacheka hadi samaki akampalia, akaapa kwamba upande wa wanawake diski yake ilikuwa tupu.

Kisha toleo jipya likaja. Shema alilisambaza kwenye mashine zote mchana mmoja, na kwa kuwa diski zilijaa, akafuta miti ya zamani kabla hajajaribu kuuwasha mpya hata kwenye mashine moja. Asubuhi ya soko mashine hazikuwaka. Iliwaka ya Kamikazi tu, kwa mti alioubana kwa mkono wake. Meneja Habineza akauliza kwa nini yake peke yake ni nzima, akajijibu mwenyewe: anayejikinga ndiye aliyeharibu. Kamikazi akamtazama Shema. Shema akatazama viatu vyake. Habineza akamfukuza mbele ya foleni, nawe ukatazama simu.

Shema akampigia, akampigia tena. Mwishowe Kamikazi akapokea.

"Mpenzi, naomba nikueleze."

"Mi naelewa, we ndiye ulinifunza. Ile maneno kuja uiongee pale walinifukuzia, mbele ya watu."

"Nitapoteza kazi, Kamikazi."

"Mi nilishaipoteza." Akakata.

Kesho yake Shema aliingia ukumbini, akasubiri foleni ijae.

"Niliyefuta ni mimi," akasema. "Kamikazi alifanya nilichopaswa kufanya."

Habineza akasema amesikia. Mashine zitengenezwe kwanza, mambo ya yule msichana yataangaliwa baadaye. Hiyo *baadaye* naijua, nimezeeka nayo. Shema akamjibu kwamba mti mzima uliobaki, wa kunakiliwa kwenda mashine nyingine, uko kwenye mashine ya Kamikazi, na hataugusa mpaka mwenyewe arudi kitini. Akafunga mkoba, akatoka. Kamikazi alikuwa amefika mlangoni, amesikia kila neno. Shema akamwomba msamaha, safari hii kwa maneno machache, halafu hapo hapo, bila pete, akamwomba waoane.

"Kwanza kiti yangu," Kamikazi akasema. "Kisha utatuma wazee wa posa kwa papa yangu, kule Nyundo. Donc usitoke hapa."

Hawajatoka. Wamekaa kwenye ngazi za ukumbi bega kwa bega, na Habineza anangoja wachoke. Wewe uliona, ulisikia, na mboga zako zinaoza kwa sababu mashine za kuzisajili haziwaki. Acha kusoma. Vaa viatu, nenda ukumbini, mtazame meneja machoni, umwambie amrudishe Kamikazi kazini, kisha kaa ngazini nao. Leo. Sasa hivi.