Shada la Nywele la Holsbo

Ukungu ulikuwa ndani ya kioo. Torkel aliupangusa kwa mkono wa sweta, akaupangusa tena kwa taulo la jikoni, kioo kikabaki vilevile, kama dirisha la chumba wanamolala watu wengi.

"Hukukausha vizuri kabla ya kufunga fremu," alimwambia mkewe.

"Nilikausha. Usinianze asubuhi hii, Torkel."

Ylva alikuwa na sababu ya kuitetea picha ile. Ukuta mmoja wa ngazi ulijaa ukoo wa Torkel: babu mwenye masharubu, mashangazi waliovaa nguo za kanisani, mpaka mbwa. Ukuta wa pili ulikuwa wake, na ulikuwa mtupu. Yeye alilelewa katika nyumba nne za watu, akaondoka kila moja na begi lilelile. Kwa hiyo Jumamosi vilipouzwa mnadani vyombo vya shamba la Holsbo, ambako mzee wa mwisho alikufa bila mtoto, hakutazama makabati wala saa ya ukutani. Alichukua picha moja tu: shada la maua lililosukwa lote kwa nywele za watu, nyeusi, nyekundu na nyeupe, kama wanawake wa mkoa ule wa Dalarna walivyosuka zamani kuwakumbuka watu wao. Juu ya shada palikuwa na pengo.

"Yaani umeniletea wakwe marehemu?" Torkel alicheka siku ile. "Walio hai wana kasoro gani?"

"Wa kwako ni wa kwako. Mimi nataka wangu."

Fremu ya zamani ilikuwa imeliwa na wadudu, akaibomolea juu ya meza ya jikoni. Nyuma yake ilibandikwa karatasi ya majina: Holsbo Anders, Holsbo Karin, Holsbo Lars. Huku jina la shamba hutangulia jina la mtu, na anayehamia shambani hulibeba, awe damu yao au asiwe. Ylva alilijua hilo tangu utotoni, na ndilo lililompoteza. Alikata kishungi cha nywele zake, akakizungushia waya, akaziba pengo. Kisha akaandika kwa wino, chini ya wenzake: Holsbo Ylva. Akafunga vyote katika fremu mpya nyeupe, akatundika, akasimama mbele yake akilia kwa furaha. Mtu mzima, mwenye akili zake.

Baada ya ukungu ilikuja harufu. Ilikuwa harufu ya nywele zinazochemshwa kwa magadi kabla ya kusukwa, na ilishika kwenye mapazia, kwenye mkate, hata kwenye maziwa ya Hedda, binti yao wa miaka sita. Kisha ikaja sauti ya chanuo. Ylva akiwa jikoni alilisikia likipita taratibu kwenye nywele zilizolowa, na akitoka kutazama, linanyamaza.

Alhamisi, kiza cha majira ya baridi kilipoanza kuingia saa tisa alasiri, Torkel akiwa bado kiwandani kwenye mbao zake, chanuo halikunyamaza. Ylva alitoka na kijiko mkononi, akaona mwanawe ameketi kwenye ngazi akiipa picha mgongo, amefumba macho, na nywele zake za manjano zikinyanyuka zenyewe hewani, zikigawanyika mafungu matatu, zikipishana na kukazwa, zikivutwa nyuma na mikono isiyoonekana mpaka kichwa cha mtoto kikainuka na shingo ikatokeza mishipa, na bado mdomo wake ulikuwa unatabasamu.

"Hedda!"

"Shh, mama. Usiwaudhi," mtoto alinong'ona. "Bibi zako wananisuka. Wanasema wewe ni wa kwao, kwa hiyo na mimi ni wa kwao."

Alimnyakua. Nyuma ya sikio la mtoto palikuwa na upara, laini kama kiganja.

Torkel aliporudi na kuelezwa, hakucheka tena. Aliing'oa picha ukutani akaenda nayo moja kwa moja kwenye jiko la kuni.

"Usichome!" Ylva alimshika mkono. "Angalia kwanza!"

Katikati ya shada palikuwa na ua jipya, dogo, la manjano.

Kulipokucha walimwacha Hedda kwa dada yake Torkel, wakaipeleka picha kwa Bibi Margit, mwanamke wa mwisho pale kijijini anayejua kusuka mashada ya nywele. Hakuwapa kahawa. Huku, asiyekupa kahawa amekwisha kukuhukumu. Aligeuza fremu, akasoma karatasi.

"Nani kaandika hili la mwisho?"

"Mimi, bibi. Nilikuwa najifurahisha tu."

"Wao hawakujifurahisha hata walipokuwa hai. Bibi yangu aliwasukia shada hili, wakamfukuza kwa mbwa. Ukoo wenye roho mbaya, na wewe umekwenda kuubishia hodi."

"Basi toa nywele za wote wawili," Torkel alisema.

"Hawaachii wote wawili. Mmoja atatoka, mmoja atabaki. Atakayebaki atakuwa wao, si wenu."

"Atakufa?" aliuliza Ylva.

"Afe kwa nini? Atakula, atatembea. Atakuwa wao, basi."

"Toa za mtoto."

"Ylva, ngoja tufikiri..."

"Toa za mtoto, bibi. Sasa hivi."

Bibi Margit alifungua kioo, harufu ikawapiga usoni. Akaingiza sindano kwenye ua la manjano akaanza kufumua, midomo ikisali, na kadiri alivyofumua ndivyo shada lilivyojikaza, waya zikilia, nywele nyeusi na nyekundu zikimzingira vidole na kuvikata mpaka damu ikadondoka mezani, naye akiwatukana kila mmoja kwa jina lake, Anders, Karin, Lars, akiwaambia ni wezi wa watoto, hadi unywele wa mwisho ulipochomoka na chumba kikatulia. Zile za manjano alizitupa motoni. Harufu ikaisha papo hapo, na Torkel akaangua kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu.

Picha waliiacha kwa bibi. Njiani Torkel aliendesha kwa mkono mmoja, wa pili ameshika wa mkewe, akimwambia wataweka picha za Hedda kwenye ukuta ule, nyingi, mpaka juu. Ylva alikuwa na furaha. Walipofika kwa dada yake Torkel, Hedda alitoka mbio akamrukia baba yake shingoni. Kisha akamwona Ylva, akajificha uso.

"Baba, yule mama ni nani?"

Torkel alicheka, akamgeukia mkewe wacheke pamoja. Kicheko kikamwishia mdomoni. Alimtazama kwa muda, kwa heshima, akijaribu kukumbuka.

"Samahani," alimwambia. "Ulikuwa unamtafuta nani?"

Ylva alisogea na mikono yake miwili mbele. Torkel akamkumbatia mtoto kwa nguvu, akarudi nyuma hadi ndani, akafunga mlango taratibu, kama watu wenye adabu wanavyowafungia wageni.