Pikipiki Juu ya Mkokoteni

Kila alfajiri, kabla hajachota maji ya nyumbani, Pili alishuka mtoni na kamba za baba yake kichwani. Alizitumbukiza majini, akazikanyagakanyaga, kisha akazirudisha zikichuruzika. Baba yake, Mzee Mikidadi, alikuwa na mkokoteni wa magurudumu mawili. Alichukua ndizi chini ya milima ya Uluguru na kuzileta sokoni Morogoro. Kamba kavu ya katani huchubua mikono na haikubali fundo, lakini ikilowa huwa laini. Safari ya ndizi ilikuwa fupi, na kamba zilifika sokoni zikiwa bado mbichi. Kwa hiyo hakuna aliyewahi kujiuliza kamba iliyofungwa mbichi ikikauka inakuwaje.

Wakati huo nchi ilitawaliwa na Wajerumani, na reli ilikuwa imefika Morogoro miaka michache tu iliyopita. Siku moja treni ilileta pikipiki. Ilikuwa mali ya Mjerumani mwenye shamba la mkonge upande wa Mlali. Watu walijaa stesheni kuitazama. Waliiita baiskeli ya moto, ingawa moto wenyewe hakuna aliyeuona, maana tangi lilikuwa tupu. Karani wa stesheni akamwita Mzee Mikidadi aipeleke.

"Bwana amesema ifike nzima," karani alimwambia. "Ikipata hata mkwaruzo, aliyeileta atakula hamsa ishirini."

Hamsa ishirini vilikuwa viboko ishirini na vitano vya mgongoni. Mzee Mikidadi aliwahi kumwona jirani yake aliyechapwa hivyo. Jirani huyo hakuweza kuvaa shati kwa muda mrefu, seuze kufanya kazi. Lakini Mzee Mikidadi hakuulizwa kama anaitaka safari hiyo.

Msaidizi wake, Kibwana, alikuwa kijana mwenye nguvu na maneno mengi.

"Mjomba, tuilaze tu," alisema. "Tuitandikie majani ya migomba, ipumzike kama mgonjwa."

"Ikilala itajikwaruza," Mzee Mikidadi alijibu. "Itasimama."

Wakaisimamisha katikati ya mkokoteni, gurudumu la mbele likibanwa na mbao mbili zilizopigiliwa misumari. Wakaifunga kwa kamba nne, mbili kila upande, za mbele zikivuta mbele na za nyuma zikivuta nyuma. Kila mahali kamba ilipogusa chuma waliweka kipande cha gunia. Kamba zilikuwa zile zile za Pili, mbichi kama kawaida.

Mzee Mikidadi akamwita binti yake. "Pili, sikiliza. Mzigo wa kichwani ukiteleza, shingo inakwambia. Huu tutakuwa tumeupa mgongo, hatutajua kitu. Wewe utatembea nyuma. Kila tukipumzika, shika kila kamba uitikise. Ukiona imelegea, sema."

"Ndiyo, baba."

Mapumziko ya kwanza Pili alizishika zote, na zote zilikuwa zimekaza barabara. Ya pili yalikuwa baada ya kuvuka Mto Ngerengere. Hapo walimkuta Rosa, msichana wa misheni aliyeteremka mlimani na kikapu cha viazi. Rosa aliutazama mzigo kwa mashaka.

"Hicho kinakula nini?"

"Kinakunywa mafuta," Pili alijibu, akijishaua kana kwamba pikipiki ni ya kwao. "Kikishashiba kinanguruma, hata farasi hakikamati."

"Mwongo wewe!"

"Muulize baba!"

Walicheka na kubishana mpaka Mzee Mikidadi alipoinuka. "Pili, umezishika kamba?"

"Nimezishika, baba."

"Zote?"

"Zote."

Hakushika hata moja. Alisema hivyo kwa wepesi tu. Kamba zilikuwa imara muda mfupi uliopita, naye hakuona kwa nini zibadilike.

Jua likawa kali. Baada ya mwendo wa kitambo Pili akasikia kitu kikigonga ubao, taratibu. Akainua macho. Usukani wa pikipiki ulikuwa ukitikisika kila gurudumu lilipopita juu ya jiwe. Kamba moja ya kushoto ilikuwa imekauka, inaning'inia. Aliivuta kwa mikono miwili, lakini fundo lilikuwa juu asikolifikia.

Mbele yao ulikuwa mteremko wa mawe. Akisema, baba yake atajua kwamba alimdanganya. Akinyamaza, huenda wakafika salama, na huenda wasifike. Akatazama mbele, akauona mgongo wa baba yake, shati limeganda kwa jasho. Ndio mgongo ambao ungechapwa.

"Baba, simama!" alipiga kelele. "Sikuzishika kamba! Nilikudanganya!"

Mzee Mikidadi akakaza miguu. Mkokoteni ukasimama kwa kishindo, na pikipiki ikaanza kulala upande. Kibwana aliruka akaikinga kwa bega, akaguna kwa uzito wake, wakaisimamisha tena. Haikugusa ubao wala chuma cha mkokoteni.

Mzee Mikidadi akazishika kamba moja moja. Hakumtazama Pili. "Tulizifunga mbichi," alisema. "Zimekauka, zimelegea zote."

"Tuzilowanishe tena, mjomba?" Kibwana aliuliza.

"Zikauke tena huko mteremkoni? Tunazifunga hivi hivi."

Wakazifungua, wakazifunga kavu, na kuzikaza kwa kuzizungusha na kijiti. Viganja viliwachubuka mpaka damu ikatoka. Kisha Mzee Mikidadi akaenda nyuma kuuzuia mkokoteni kwa kamba nyingine usije ukawakimbia. Wakashuka polepole. Pili alitembea ubavuni, mkono wake haukubanduka kwenye kamba mpaka shambani.

Mjerumani aliizunguka pikipiki. Alifuta vumbi kwa leso, akainama, akapitisha kidole kwenye tangi na kwenye magurudumu. Karibu na mlango wake kiboko kilikuwa kimetundikwa kwenye msumari. Pili alikitazama kidole kile bila kupepesa. Mwishowe yule bwana akapunga mkono kuwaambia waende.

Njiani kurudi, Mzee Mikidadi alivuta mkokoteni mtupu bila kugeuka nyuma. Pili akaharakisha, akatembea ubavuni mwake.

"Baba, nichape basi," alisema.

"Sikuchapi. Kusahau kila mtu husahau. Hata mimi nimefunga kamba mbichi kwa safari ya juani, sikufikiri. Ungesema, 'Baba, bado sijazishika,' ungezishika tukaendelea, yakaisha. Lakini ulisema umezishika, nasi tukavuta kwa kuamini maneno yako."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Pale mteremkoni uliogopa, na bado ukasema kweli. Ndiyo maana narudi nyumbani mzima. Ila ukipewa kazi ya kuwaangalizia wengine, usiseme umefanya kama hujafanya. Uongo ulikuwa wako, mwanangu, lakini viboko vingekuwa vyangu."

Pili alilia pale pale barabarani. Kibwana akaushika mkokoteni, akauvuta polepole mbele yao.