Meno Mapya ya Susu

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya kufua sare yangu na kuianika, mama alinipa kikapu na orodha ya vitu vya kununua sokoni Kabiria: sukuma wiki, nyanya, vitunguu na ndengu. Nilikuwa darasa la sita, nimezoea kazi hiyo, na mama hakuwa na haja ya kunifuata. Laiti angenifuata hata mara moja. Angejua kwamba kulikuwa na kitu kingine nilichonunua, ambacho hakikuandikwa popote.

Kitu hicho kilikuwa ugoro wa Susu.

Susu ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya, yaani bibi. Susu wangu, mama yake baba, anaitwa Ndanu, na mimi naitwa Ndanu, kwa sababu nilipozaliwa nilipewa jina lake kama ilivyo desturi. Ndiyo maana baba yangu, Musili, huniita "Mama". Ukimsikia akiuliza, "Mama, umemaliza hesabu za mwalimu?" usidhani amechanganyikiwa. Susu naye aliniita "mimi mdogo". Tulilala chumba kimoja, tukala sahani moja, na siri yake ikawa yangu.

Mzee Masila aliuza ugoro katika kibanda kilicho nyuma ya wauza makaa. Akiniona tu, alinyoosha mkono na kutoa kifurushi cha karatasi ya gazeti.

"Sasa, Ndanu. Ya Susu iko tayari. Msalimie."

Nilikificha chini ya sukuma wiki, nikarudi nyumbani nikiwa na uso wa mtoto mwema.

Kisa cha kuficha kilikuwa hiki. Zamani, huko Makueni, Susu alisimama mbele ya kanisa zima akaahidi kuacha ugoro. Aliuacha kweli kwa miaka mingi. Babu alipofariki aliurudia, akisema ulimtuliza usiku alipokosa usingizi. Wakati huo alikuwa tayari amehamia kwetu, na wanawake wa kanisa letu walikuwa wamemchagua awe kiongozi wa nyimbo. Nao alikuwa amewaambia kwamba ugoro aliuacha zamani; sasa angewaambia nini? Akawa anauweka kati ya mdomo wa chini na ufizi, mahali ambapo hakuna mtu angeuona.

Ufizi ulikuwa unauona. Pole pole ulilegea, ukarudi nyuma, na meno ya chini yakaanza kutoka moja baada ya jingine. Mama alisema ni uzee. Mimi nilinyamaza. Baba alimnunulia meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, lakini hayakumkaa vizuri. Jumapili moja, katikati ya ubeti wa pili, yaliruka yakaanguka sakafuni mbele ya safu ya kwanza. Watoto walicheka. Nakiri kwamba hata mimi kicheko kilinitoka kabla sijafikiri. Susu aliinama, akayaokota, akaenda kuketi nyuma kabisa.

Tangu siku hiyo hakuongoza wimbo tena. Hata nyumbani, pale alipozoea kuimba akichambua ndengu, pakawa kimya. Nilimwona akitikisa kichwa kufuata wimbo wa redioni huku midomo yake imefungwa. Niliumia sana, kwa sababu kuimba ndiko kulikokuwa furaha yake.

Baba aliumia pia. Yeye na shangazi Cate walijinyima mwaka mzima, mpaka siku moja baba akatuambia wakati wa chakula, "Mama ataota meno upya. Nimeongea na daktari wa meno kule mjini."

"Nitaota kama mtoto?" Susu aliuliza, akacheka kidogo. Nilikuwa nimesahau kicheko chake.

Daktari huyo aliitwa Ndegwa. Kliniki yake ilikuwa ghorofa ya nne ya jengo moja katikati ya jiji. Mama, ambaye jina lake ni Annah, aliomba ruhusa katika ofisi anakofanya kazi ya usafi kule Muthangari, nasi watatu tukaenda. Daktari alitutolea taya ya plastiki na kutuonyesha skrubu mbili ndogo zilizozama ndani yake.

"Hivi ni vipandikizi, Shosho," alimweleza Susu, akimwita nyanya kwa Kikuyu. "Tutaviweka kwenye mfupa wa taya ya chini. Tutangoja miezi mitatu au minne mpaka mfupa uvishike. Halafu meno yako yatabanwa juu yake. Hayatatikisika hata ukiimba kwa nguvu."

Machozi yalimlenga Susu. "Hata nikiimba?"

"Hata ukipiga vigelegele. Lakini nina maswali, na naomba majibu ya kweli, kwa sababu mfupa huu lazima upate damu ya kutosha ndipo upone. Una ugonjwa wa sukari?"

"Sina."

"Unatumia tumbaku? Sigara, ugoro wa puani, ugoro wa mdomoni, aina yoyote?"

Susu alimtazama mama, aliyekuwa ameketi karibu naye na Biblia ndani ya mkoba. Kisha akatazama sakafu. "Hapana, daktari."

Daktari hakuandika mara moja. Alichunguza tena ufizi wake, akanigeukia. "Na wewe, msichana, nasikia ndiwe unayekaa na Shosho kila siku. Hatumii kitu?"

Nilifundishwa kwamba mtoto hamwanikii mkubwa aibu yake. Tena niliogopa kwamba nikisema ukweli daktari angetufukuza, na Susu asipate meno. Susu alinishika mkono chini ya meza, akaubana.

"Hatumii," nilisema.

Daktari akaandika.

Vipandikizi viliwekwa juma lililofuata. Susu alivumilia kama askari. Daktari alitupa dawa, akatuonya kuhusu usafi wa kinywa, na akarudia kwamba tumbaku ingeharibu kila kitu. Kwa siku tisa Susu hakugusa ugoro. Siku ya kumi mikono ilimtetemeka, kichwa kikamuuma, akamgombeza hata paka wa jirani.

"Mimi mdogo," aliniita, "nenda kwa Masila."

"Lakini Susu, daktari alisema..."

"Daktari aliogopa mdomo. Mimi nitanusa kwa pua tu. Pua na mdomo ni vyumba viwili."

"Na mama akijua?"

"Atajuaje? Mimi na wewe ni mtu mmoja. Mtu hujisema mwenyewe?"

Nilienda. Hakuna aliyenisukuma njiani. Ningeweza kurudi nikasema Masila hayupo, ningeweza kumwambia baba jioni, lakini nilienda na nikarudi na kifurushi.

Kwa siku chache alinusa kwa pua. Baadaye nikamwona amegeukia ukuta, anavuta mdomo wa chini na kuuweka pale pale pa zamani, juu ya kidonda. Nilijifanya nimelala. Baada ya majuma mawili hivi niliona damu kwenye foronya yake. Alianza kula uji tu, akisema chakula kigumu hakimpendezi. Akinisemesha, nilisikia harufu mbaya. Kila siku nilijiambia kwamba nitasema kesho, na kesho ikifika niliogopa zaidi, kwa kuwa sasa nilikuwa na mambo mengi ya kueleza.

Mama ndiye aliyeigundua homa. Alipomgusa Susu paji la uso aliruka kama aliyeshika sufuria ya moto. Siku hiyo hiyo baba alitoka kazini mapema, tukaenda wote mjini.

Daktari Ndegwa alimchunguza kwa muda mrefu. Aligusa kipandikizi cha kwanza, kikatikisika. Aligusa cha pili, usaha ukatoka. Alivua glavu zake taratibu.

"Pole, Shosho. Mfupa haukuvishika. Lazima nivitoe vyote viwili leo, kabla ugonjwa haujaenea."

"Utaviweka vingine?" baba aliuliza.

"Sidhani. Mfupa mwingi umeliwa. Kuna njia ya kuujenga, lakini kwa umri wake na kwa hali ya ufizi huu, singemshauri apitie hayo."

Nilimwona Susu akifunga macho. Hakulia. Ningependelea alie.

Baba alisimama. Baba ni karani wa serikali, mtu mpole, lakini siku hiyo mishipa ya shingo ilimtoka. "Tumejinyima mwaka mzima kwa kazi hii! Mama yangu alifuata kila kitu ulichosema. Basi kosa ni lako. Umetumia vitu bandia, ama hukuosha vyombo vyako. Kesho nakushtaki kwa wakubwa wako!"

"Bwana Musili, vyombo vyetu..."

"Nyamaza! Unaniharibia mama halafu unaniambia pole?"

Daktari alikuwa kijana tu. Alirudi nyuma hatua moja. Nikamtazama Susu, nikingoja aseme. Alikuwa bado amefunga macho. Nikajua kwamba nikinyamaza tena, mtu asiye na kosa angeteseka kwa ajili yetu.

"Baba, si daktari," nilisema. "Ni ugoro. Mimi ndiye ninayeununua kwa Mzee Masila. Hata siku ile daktari aliponiuliza, nilidanganya."

Mama alishika mdomo wake. Baba alinigeukia, mkono juu, nami nikajikunja kungoja kofi.

"Usimguse," Susu alisema.

Alifungua macho. Aliingiza mkono kifuani, akatoa kijikopo cha bati kilichokaa hapo miaka yote, akakiweka mezani mbele ya daktari. "Nisamehe, kijana wangu. Nilikudanganya. Na huyu mtoto nilimpa jina langu, kisha nikamtwika na uongo wangu. Kama ni kupiga, Musili, nipige mimi."

Baba aliushusha mkono wake. Aliketi, akafunika uso kwa viganja, akalia mbele yetu. Nilikuwa sijawahi kumwona baba akilia. Baadaye alimpa daktari mkono na kumwomba msamaha, na daktari akaupokea.

"Wazee husema mficha maradhi, kifo humuumbua," daktari alisema kwa upole. "Shosho, leo umeumbuliwa na meno tu, tushukuru. Ungeniambia ugoro unakushinda, nisingekucheka. Ningekusaidia kuuacha kwanza, hata kama ingechukua mwaka, ndipo nipandikize. Daktari hutibu kile anachoambiwa."

Vipandikizi vilitolewa alasiri ile. Vilikuwa vidogo kuliko punje ya mahindi.

Tulipofika nyumbani, baba aliniita nje, tukaketi kwenye ngazi. Nilifikiri sasa ndipo nitakapopata kichapo. Akasema, "Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa kumkosea Susu heshima."

"Sikiliza. Kumheshimu mkubwa si kumfichia kitu kinachomla. Ukiona mtu unayempenda anajidhuru, sema kwa mtu mzima unayemwamini. Atakasirika siku moja, lakini utakuwa umemwokoa. Ungenong'ona tu sikioni mwangu, Susu angekuwa na meno leo."

Maneno hayo yaliniuma kuliko fimbo, kwa sababu yalikuwa kweli.

Susu aliacha ugoro. Haikuwa rahisi, mama alimtengenezea chai ya tangawizi kila alipotetemeka, na daktari alimpigia simu kila juma kumtia moyo. Ufizi ulipona. Daktari alimtengenezea meno mapya ya kuvaa, yanayomsaidia kutafuna ugali na mboga laini, lakini mfupa ulio chini yake ni mdogo na akiimba yanateleza. Hakuna mtu anayeweza kubadilisha hilo sasa.

Mwezi uliopita, katika ibada ya Jumapili iliyoongozwa na akina mama, mwenyekiti wao, Mama Becky, alimwomba Susu aende mbele awaongoze wimbo mmoja tu. Susu alikwenda. Alivua meno yake, akayafunga kwenye kitambaa, akasimama mbele ya watu wote kinywa wazi.

"Sitaweza kuwaimbia," alisema. Maneno yalitoka yakipuliza upepo, lakini kila mtu aliyasikia. "Mnadhani ni uzee ulionitoa meno. Ni ugoro, ule niliowaambia nimeuacha. Wanangu wakanipandia mengine, na hayo nikayang'oa kwa uongo wangu. Mjukuu wangu aliona, nikamfunga mdomo. Ninyi watoto, mkituona tunajiangamiza, msitufichie. Na sisi wakubwa tukisemewa, tushukuru. Aibu ya siku moja ni nafuu. Mimi yangu nimeiogopa miaka kumi, na imekula sauti yangu."

Kisha nikaona Mama Peres, bibi wa safu ya pili, akiinamisha kichwa na kufuta machozi. Baada ya ibada alimfuata Susu nje, akamwuliza kwa sauti ya chini namba ya simu ya yule daktari.

Lakini kabla ya hapo, mwanamke mwingine aliinuka akaongoza wimbo. Ulikuwa ule ule aliokuwa akiuimba Susu siku meno yalipoanguka. Susu alirudi akaketi kando yangu, akawa anapiga makofi polepole kufuata mapigo. Wote waliimba. Mimi nilishindwa. Nilimshika mkono, nikaushikilia mpaka ubeti wa mwisho ukaisha.